Neno "jagielloński": fahari ya Wapolandi, mashaka ya majirani

Mei 2019, Piast Gliwice ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Polandi kwa mara ya kwanza. Mei 2024 ikawa zamu ya Jagiellonia Białystok, nayo kwa mara ya kwanza. Kwa shabiki anayefuatilia matokeo tu, hizo ni timu mbili za mikoani zilizowazidi ujanja vigogo wa Warszawa. Lakini tandaza ramani. Gliwice iko kusini, upande wa magharibi, katika Silesia, na hadi mwaka 1945 ulikuwa mji wa Ujerumani. Białystok iko kaskazini-mashariki, mwendo mfupi tu kufika mpaka wa Belarus. Timu ya kwanza ina jina la nasaba iliyoanzisha ufalme wa Polandi, ya pili ina jina la nasaba iliyoupokea. Na jinsi majina hayo yalivyokaa, Piast magharibi na Jagiellonia mashariki, ndivyo Wapolandi wanavyobishana kuhusu nchi yao kwa zaidi ya miaka mia moja sasa: tuelekee wapi, na tukielekea huko tunakwenda kama nani?

Kivumishi kinachobeba ubishi huo ni jagielloński. Litamke "yagielonyski" na Mpolandi atakuelewa. Kimetokana na Jagiełło, jina ambalo siku hizi husikika karibu na "Yagyewo", kwa kuwa ile ł yenye mkato hutamkwa kama w yetu. Utakikuta kwenye lango la chuo kikuu, kwenye vibao vya mitaa, kwenye skafu za mashabiki wa mpira na kwenye hotuba za wanasiasa. Langoni, mitaani na uwanjani hakimkeri mtu. Kwenye hotuba, kimewahi kuchangia ugomvi wa majirani uliodumu miaka 18.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu sarufi ya neno hili haimpi taabu. Kama kwetu, kivumishi cha aina hii hufuata nomino yake: uniwersytet jagielloński, biblioteka jagiellońska, dziedzictwo jagiellońskie, sawasawa na tunavyosema chuo cha, maktaba ya, urithi wa. Tatizo linaanza tunapotafsiri. Tukisema "Chuo Kikuu cha Jagiełło" tumeshamkabidhi mtu umiliki; msikilizaji ataelewa kwamba Jagiełło alikijenga, au angalau alikuwa na hati yake. Kipolandi hakisemi hivyo. Kiambishi -ski kinaacha mlango wazi: kitu cha Jagiełło mwenyewe, au cha ukoo wake, au cha zama zake, au chenye ladha tu ya zama hizo. Kilicho karibu zaidi kwetu ni ile ki- ya namna, kama katika kifalme. Mtu anaweza kuvaa kifalme na asiwe na hata kiti cha enzi nyumbani. Kwa hiyo nitasema "cha Kijagiello", na naomba msomaji auweke akilini huo mlango ulio wazi, maana karibu kila kitu kitapita humo.

Jagiełło mwenyewe hakuwa Mpolandi. Alikuwa Jogaila, mtemi mkubwa wa Lithuania, mjukuu wa Gediminas, mpagani aliyetawala nchi kubwa ambayo wakazi wake wengi walikuwa Wakristo Waorthodoksi wa Kislavoni, mababu wa Wabelarus na Waukraine wa leo. Mwaka 1385, mjini Krewo, aliahidi kubatizwa na kuunganisha nchi zake na taji la Polandi endapo angepewa mkono wa Jadwiga, binti aliyekuwa ametawazwa mwaka uliotangulia akiwa bado mtoto, tena kwa cheo cha mfalme, si malkia. Februari 1386 alibatizwa Kraków kwa jina la Władysław, akamwoa Jadwiga, na Machi akavikwa taji. Julai 15, 1410, majeshi ya Polandi na Lithuania yaliwashinda pamoja wapiganaji watawa wa Kijerumani wa Shirika la Kitutoni katika uwanja wa Grunwald. Alifariki mwaka 1434. Ukoo wake ulitawala Polandi na Lithuania hadi 1572, alipofariki Zygmunt August bila mrithi, na kwa muda ulitawala pia Bohemia na Hungaria, mpaka kijana Ludwik alipokufa Mohács mwaka 1526 katika vita na Waturuki.

Basi, nasaba ya Kilithuania ikawa fahari ya Wapolandi, na kwa Walithuania wengi ikawa kumbukumbu ya ndugu aliyeondoka. Huko Lithuania shujaa ni Vytautas, binamu yake Jogaila aliyebaki nyumbani. Ukoo huo wenyewe huko huonekana kama tawi tu la Gediminaičiai, watoto wa Gediminas, na barabara kuu ya Vilnius ina jina la Gediminas. Kabla hata hatujafika kwenye siasa, mto mmoja una majina mawili kutegemea umesimama ukingo upi.

Tuanze na matumizi yasiyo na ugomvi, kwa sababu yana mafunzo yasiyotarajiwa. Chuo Kikuu cha Kijagiello, Kraków, ndicho kitu maarufu kuliko vyote chenye jina hili, na hakikuanzishwa na Jagiełło. Kilianzishwa mwaka 1364 na Kazimierz Mkuu, mfalme wa mwisho wa nasaba ya Piast, ile ile ambayo wanasiasa huisimamisha kama mpinzani wa Kijagiello. Kikadhoofika. Jadwiga, aliyekuwa wa ukoo wa Anjou wenye asili ya Ufaransa, alifariki mwaka 1399 na kuacha vito vyake vikifufue. Mwaka 1400 Jagiełło akakifufua. Jina lenyewe likaja kushika rasmi mwanzoni mwa karne ya 19, wakati hapakuwa na dola ya Polandi kwenye ramani na Kraków ilikuwa mji huru mdogo chini ya uangalizi wa madola matatu yaliyoigawana nchi. Mwanzilishi Piast, fedha za Anjou, ufufuo wa Mlithuania, na jina lililopatikana miaka zaidi ya 200 baada ya ukoo kwisha. Wanaolitumia neno hili kana kwamba lina mipaka iliyopimwa na wapima ardhi wangefaa wapite pale langoni kwanza.

(Ndani ya Collegium Maius, jengo kongwe la chuo hicho, kuna tufe dogo la shaba la mwanzoni mwa karne ya 16 liitwalo Tufe la Kijagiello. Ni miongoni mwa matufe ya kale zaidi kuandikwa jina la Amerika, ila fundi wake aliliweka bara hilo "lililogunduliwa karibuni" kwenye Bahari ya Hindi, kusini-mashariki mwa Afrika, maji ambayo manahodha wa pwani yetu walikuwa wakiyavuka na kurudi bila kukutana na bara lolote. Sina la kuongeza ila kufurahi.)

Chuo hicho kimejijengea heshima isiyotegemea mfalme yeyote. Copernicus alisoma hapo kuanzia 1491. Novemba 6, 1939, Wajerumani waliwaita maprofesa kwenye mkutano, wakawakamata zaidi ya 180 waliokuwa jengoni na kuwapeleka wengi wao kwenye kambi ya Sachsenhausen. Ukilisikia neno jagielloński kinywani mwa mtu wa Kraków, mara nyingi anachokiona ni wanafunzi, maktaba na siku hiyo ya Novemba. Mashariki hayamo kabisa.

Sasa tufike kwenye lile linalowagawa watu: idea jagiellońska, wazo la Kijagiello. Kwa ufupi, ni imani kwamba Polandi huwa na nguvu na usalama inapoungana na watu walioko kati yake na Urusi, Walithuania, Wabelarus na Waukraine, na kwamba wajibu wake wa kihistoria uko huko. Wazo la Piast ni kinyume chake: nchi ya taifa moja, imejibana ndani ya mipaka yake ya magharibi, inashindana na Ujerumani au inaelewana nayo, na haina ndoto kuhusu Kiev. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mawazo haya mawili yalipata nyuso. Józef Piłsudski, mzaliwa wa kijiji karibu na Vilnius, alitaka shirikisho la mashariki. Roman Dmowski alitaka taifa la Wapolandi lisilo na wageni wengi ndani yake.

Wanaolipenda neno wana hoja, na si hoja nyepesi. Ya kwanza ni kwamba muungano ule ulikua kwa mikataba kuliko kwa upanga. Krewo 1385, Horodło 1413, Lublin 1569: kila hatua watu walikaa mezani. Pale Horodło, koo za Kipolandi zilizipokea koo 47 za Kilithuania katika nembo zao, kama kuchanjiana udugu. Katika Ulaya ya karne ya 15, ambapo nchi ziliongezwa ama kwa kuoa ama kwa kuchoma miji, hilo lilikuwa jambo la kutazamwa.

Ya pili ni uvumilivu wa dini. Chini ya wafalme hawa waliishi Wakatoliki, Waorthodoksi, Wayahudi, Waarmenia na Watatari Waislamu ambao misikiti yao ya mbao ipo mpaka leo karibu na Białystok, katika vijiji vya Kruszyniany na Bohoniki. Mwaka 1525, kwenye uwanja wa soko wa Kraków, Zygmunt Mzee alipokea utii wa Albrecht wa Prussia, mtawala wa kwanza kuufanya Ulutheri dini rasmi ya nchi yake, wakati kwingine Walutheri walikuwa wakichomwa moto. Mwanawe Zygmunt August ananasibishwa na kauli kwamba yeye si mfalme wa dhamiri za raia wake. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyesoma katika chuo kile cha Kraków, alipowahimiza wananchi wake mwaka 2003 kupiga kura ya kuingia Umoja wa Ulaya, aliwaambia watoke "kutoka Muungano wa Lublin hadi Umoja wa Ulaya". Watu walimwelewa mara moja. Hakuhitaji hata kulitamka neno lenyewe.

Lakini hoja hizi zina nyufa, na mtu mwaminifu huzitazama nyufa. Udugu wa Horodło ulikuwa wa Wakatoliki pekee. Makabaila Waorthodoksi walisubiri takriban miaka 20 kupata haki kama hizo. Wayahudi wa Lithuania walifukuzwa mwaka 1495 na Aleksander, Mjagiello kamili, wakaruhusiwa kurudi mwaka 1503. Hati maarufu ya uvumilivu wa dini, Mapatano ya Warszawa, iliandikwa Januari 1573, miezi sita na ushei baada ya mfalme wa mwisho wa Kijagiello kufariki. Iliandikwa na makabaila wakiogopa vita vya dini wakati kiti kikiwa kitupu. Na hicho kinachoitwa zama za dhahabu, dhahabu ya nani? Sheria za 1496 zilimzuia mkulima kuihama ardhi ya bwana wake, na za 1520 zikamdai angalau siku moja ya kazi ya bure kila wiki. Siku hizo ziliongezeka baadaye. Makabaila walijenga makasri, Zygmunt August akaagiza Brussels mazulia ya ukutani ambayo bado yanatajwa kwa kivumishi kile kile pale Wawel, kasri la wafalme mjini Kraków, na mkulima wa Volhynia, katika Ukraine ya leo, akalima.

Kuhusu mikataba, tuutazame ule wa Lublin kwa jicho la Vilnius. Mazungumzo yalipokwama mwaka 1569 na wajumbe wa Lithuania wakaondoka, Zygmunt August alichukua Podlasie, Volhynia, Bracław na Kiev kutoka Utemi Mkubwa wa Lithuania na kuyaingiza moja kwa moja kwenye taji la Polandi. Lithuania ilirudi mezani ikiwa imekatwa karibu nusu. Ni mkataba, ndiyo. Lakini aliyetia saini huku mwenzake ameshika nusu ya shamba lake huukumbuka kwa namna nyingine. Mwukraine anao uzito wake pia: ardhi ya mababu zake iligawiwa katika kikao ambacho yeye hakuwa upande wowote wa meza. Na Mbelarus huuliza kwa nini sheria za Utemi Mkubwa, zilizoandikwa kwa Kislavoni cha mashariki mwaka 1529, ziitwe urithi wa Kijagiello na zisiitwe zake.

Haya yangebaki mambo ya wanahistoria lau neno lisingetumika tena katika karne ya 20. Aprili 1919 Piłsudski aliingia Vilnius na kutoa tangazo kwa wakazi wa "uliokuwa Utemi Mkubwa wa Lithuania", kwa Kipolandi na kwa Kilithuania, akiwaahidi kwamba wataamua mambo yao wenyewe. Nadhani alimaanisha. Lakini Oktoba 1920 jenerali wake, Lucjan Żeligowski, aliuteka mji huo kwa kisingizio cha kuasi amri, na kila mtu alijua amri imetoka wapi. Lithuania ikahamishia serikali Kaunas na haikuwa na uhusiano wa kibalozi na Polandi hadi mwaka 1938. Mwaka huo huo wa 1920 Piłsudski alikwenda Kiev akiwa na Symon Petliura kama mshirika. Mwaka uliofuata, katika Mkataba wa Riga, Polandi iligawana na Wasovyeti ardhi za Waukraine na Wabelarus, na mshirika akabaki mikono mitupu. Piłsudski alizikwa kwa mafungu mawili: mwili Wawel, walikolazwa wafalme wa Kijagiello, na moyo Vilnius, kaburini kwa mama yake. Sijui picha inayolieleza wazo lake vizuri kuliko hiyo. Ila ukiwa Mlithuania, moyo wa jirani uliozikwa katika mji wako mkuu baada ya kuuteka ni jambo la kuishi nalo, si la kulishangilia.

Aliyelisema hili waziwazi kwa Wapolandi alikuwa Mpolandi. Mwaka 1974, katika jarida la Kultura lililochapishwa karibu na Paris na Jerzy Giedroyc, mzaliwa wa Minsk, Juliusz Mieroszewski aliandika kwamba ni machoni mwa Wapolandi tu wazo la Kijagiello halina uhusiano na ubeberu. Kwa Walithuania, Waukraine na Wabelarus ni ubeberu wa Kipolandi katika sura yake safi kabisa. Ushauri wake ulikuwa mchungu: kubalini kwamba Vilnius na Lwów (Lviv ya leo, Ukraine) zimekwenda, na saidieni Lithuania, Ukraine na Belarus ziwe nchi huru kweli, kwa faida yenu wenyewe. Mwaka 1974! Nchi hizo zilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovyeti na hakuna aliyeona mlango wa kutokea. Zilipojitangaza huru, serikali ya Warszawa ilifuata ushauri ule. Mnamo Desemba 2, 1991, siku moja baada ya Waukraine kupiga kura ya uhuru, Polandi ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kuutambua. Haikudai Lwów. Ukitaka kuona kilicho bora katika wazo la Kijagiello, kitazame hapo, na uone kwamba kilifanywa na watu waliokuwa wamelikana neno.

Je, Piast basi ndiye msafi? Hapana, na hili husahaulika kirahisi na wanaolikosoa lile la kwanza. Baada ya 1945 mipaka ilipovutwa magharibi hadi mito Oder na Neisse, serikali ya kikomunisti ilikiokota kivumishi piastowski na kukifanyisha kazi ya hati miliki. Wrocław, Szczecin na Gliwice zikaitwa ardhi za Piast zilizorudi nyumbani, mamilioni ya Wajerumani wakafukuzwa, na vibao vya mitaa vikabadilishwa. Kilikuwa kivumishi cha nasaba kikifanya kile kile ambacho mwenzake alifanya mashariki: kumwambia mtu aliyezaliwa katika nyumba hiyo kwamba wazee wetu walifika kabla yake. Wanaodhani ubaya uko ndani ya neno moja, na kwamba tiba yake ni kushika lile jingine, wamehama chumba tu.

Katika miaka ya karibuni mjadala umekuwa wa kuvutia kwa sababu midomo na mikono haiendi pamoja. Agosti 2008, Urusi ilipoishambulia Georgia, Rais Lech Kaczyński alisafiri hadi Tbilisi pamoja na viongozi wa Ukraine, Lithuania, Estonia na Latvia, akaonya jukwaani kwamba leo ni Georgia, kesho Ukraine, keshokutwa nchi za Baltiki, na huenda baadaye nchi yake. Waliomuunga mkono waliiita siasa ya Kijagiello kwa fahari, waliompinga waliiita hivyo hivyo kwa kejeli. Mwaka uliofuata Waziri wa Mambo ya Nje, Radosław Sikorski, aliandika gazetini akiegemea upande wa Piast, kwamba Polandi ya kisasa haifai kuongozwa na ndoto ya ukubwa wa Kijagiello. Lakini ni Sikorski huyo huyo aliyekuwa amebuni pamoja na mwenzake wa Sweden, Carl Bildt, mpango wa Ushirikiano wa Mashariki uliozinduliwa Prague Mei 2009 ili kuzisogeza karibu na Umoja wa Ulaya nchi sita, Ukraine na Belarus zikiwemo. Mdomoni Piast, mkononi Jagiełło. Simlaumu. Waziri anayejua jirani atasikia nini huchagua maneno.

Na hapa ndipo ninaposimama. Nimesoma watetezi wengi wa neno hili wakisema majirani wanalielewa vibaya, kwamba wakieleweshwa historia vizuri watalipenda. Siamini. Majirani wanalielewa vizuri. Wanasikia ndani yake kitu kilichomo kweli. Wapolandi nao wanasikia kitu kilichomo kweli. Kivumishi chenye mlango wazi kiasi kile hakiwezi kuamriwa kiache kumwingiza mmoja na kumwingiza mwingine. Kikiwekwa kwenye kitu ambacho hakuna anayekigombea, chuo, maktaba, tufe, timu ya mpira, kinapendeza. Kikiwekwa kwenye ardhi au kwenye sera ya nchi kuhusu nchi nyingine, kinamtangulia msemaji na kuketi kwenye kiti cha mbele kabla hajaanza kueleza nia yake njema.

Wanadiplomasia wameshaligundua hili kimyakimya. Brigedi ya pamoja ya Lithuania, Polandi na Ukraine, iliyokubaliwa mwaka 2014 na yenye makao yake Lublin, ilihitaji jina la shujaa. Wangeweza kumchukua mfalme yeyote wa nasaba ile. Walimchagua Konstanty Ostrogski, mkuu wa Kiorthodoksi wa ardhi za Kirutheni, yaani za mababu wa Wabelarus na Waukraine, aliyeongoza majeshi ya Lithuania na Polandi kulishinda jeshi la Moscow pale Orsha mwaka 1514. Alikuwa mtumishi wa mfalme wa Kijagiello, lakini jina lake kila mmoja wa watatu anaweza kuliita lake. Julai 2020 mawaziri wa nchi hizo tatu walipounda jukwaa lao la kisiasa, waliliita Pembetatu ya Lublin: jina la mji. Mlithuania anayeukumbuka mwaka 1569 anaweza kukunja uso hata hapo, lakini mji una hoteli, reli na chuo kikuu. Si jina la mtu aliyekutawala. Na mpango wa Bahari Tatu, uliofanya mkutano wake wa kwanza wa kilele Dubrovnik mwaka 2016 ukiunganisha nchi kutoka Baltiki hadi Adriatiki na Bahari Nyeusi, ulijiita kwa maji.

Kuna swali moja dogo linaloonyesha kidonda bado kibichi. Lithuania ina Wapolandi zaidi ya 180,000, na kwa miaka mingi waligombana na serikali kwa sababu ya herufi. Alfabeti ya Kilithuania haina w, hivyo mtu aliyejiita Władysław aliandikwa kwenye pasipoti kwa v. Sheria ya kuruhusu w ilipitishwa Januari 2022, zaidi ya miongo mitatu tangu uhuru. Zile alama za juu na za kati, kama mkato wa ł, zikaachwa nje. Jagiełło mwenyewe, akifufuka leo na kuomba pasipoti ya Vilnius kwa jina lake la Kipolandi, angepata herufi moja kati ya mbili anazozihitaji. Nadhani angejiandikisha Jogaila tu na kuondoka zake.

Msomaji wa Arusha hahitaji kwenda Ulaya kuona lililobaki la hadithi hii. Pale Tengeru kuna makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliofika Tanganyika kuanzia 1942. Kambi ile ilihifadhi watu wapatao 5,000. Walikuwa wametolewa na Wasovyeti katika mikoa ya mashariki ya Polandi, ile ile ambayo vitabu huiita ardhi za Kijagiello, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, wakatokea kupitia Uajemi. Vita vilipokwisha hawakuwa na pa kurudi, maana nyumba zao zilikuwa nchi nyingine. Wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia, na wachache walibaki.

Wenzao wa mikoa ile ile ambao hawakupelekwa uhamishoni walipakiwa kwenye treni mwaka 1945 na kushushwa magharibi, katika nyumba ambazo Wajerumani walikuwa wametoka au walikuwa bado wanatoka. Maprofesa wa chuo cha ufundi cha Lwów walishukia Gliwice na kuanzisha chuo kingine. Na Juni mwaka huo, katika mji ule mgeni, watu kutoka mashariki walikaa wakaanzisha timu ya mpira. Wakaiita Piast.